Usipande mahindi kwa mvua ya kwanza ya Lubumbashi

Mama, umeuliza kama kalenda ya shamba uliyoizoea Bukavu itakufaa huku Lubumbashi, na kama upande mahindi mwezi wa 9. Hapana, tafadhali usipande. Bukavu mvua inarudi mwezi wa 9, kiangazi chenu ni miezi mitatu tu. Huku kiangazi kinaanza mwezi wa 5 na mwezi wa 9 bado ni vumbi, majani makavu na moshi wa moto wa porini.

Mwezi wa 10 ndio unaodanganya watu. Joto linapanda kuliko mwezi wowote, halafu mvua moja kubwa inanyesha, udongo unanukia, kila mtu anakimbilia jembe. Kisha jua linarudi wiki mbili au zaidi. Mimi nilipoteza mbegu zote namna hiyo mwaka wangu wa kwanza, na kununua nyingine kuliniuma sana. Tayarisha shamba mwezi huo, lakini ngoja katikati ya mwezi wa 11, mvua ishike kweli na udongo ulowe mpaka chini. Ukichelewa kupita katikati ya mwezi wa 12, mvua ya mwezi wa 3 inaisha mahindi hayajakomaa.

Mboga za kiangazi zinawezekana ukiwa karibu na maji, ila pima kisima chako mwezi wa 10, kabla ya mvua, ndipo kinashuka kabisa.

Na ubebe mablanketi ya watoto. Usiku wa mwezi wa 6 na wa 7 huku ni baridi kweli.