Kupima usawa wa bahari: anza na jiwe, si na maji

Bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, likija kubwa, picha za maji yaliyofika barazani huzagaa kwenye simu, na watu husema bahari imepanda. Huenda kweli, lakini picha haithibitishi kitu. Unguja, siku za bamvua, baina ya kujaa na kupwa ni kiasi cha mita 4. Tunachokitafuta ni milimita 3 na kitu kwa mwaka, ndiyo kasi ya wastani wa dunia iliyopimwa na setilaiti tangu 1993.

Skuli au shehia inayotaka kupima isikimbilie ubao wa vipimo, yaani ubao wenye mistari ya sentimita unaosimamishwa majini. Kwanza chagueni alama za urefu, zisipungue 5, zilizochongwa kwenye mwamba au misingi ya zamani, na zisiwe zote kwenye jengo moja. Kila mwaka aje mpima ardhi alinganishe urefu wa alama hizo na wa ubao. Gati likititia sentimita 2, daftari litasema bahari imepanda sentimita 2, na bila alama za pembeni hakuna hesabu itakayogundua. Kazi hii haina mvuto, ndiyo maana huachwa.

Ubao usimame wima pahala pasipokauka hata bamvua likipwa. Kwa hiyo Paje na Jambiani, maji yanakokimbilia mbali, hapafai. Tafuteni gati lenye kina.

Mawimbi yanasumbua. Bomba la inchi 6 lililosimamishwa majini, lenye tundu la milimita 15 chini, huyatuliza, na maji hupimwa ndani yake, ila tundu huzibwa na chaza na mchanga. Likianza kuziba, kilele cha maji ndani ya bomba huchelewa na kuwa kifupi kuliko cha nje. Linganisheni na ubao wa nje kila wiki.

Someni kila saa, usiku na mchana, kwa saa isiyokosea hata dakika moja. Wanaosoma maji yakijaa tu hawapati wastani. Mwezi uliokosa zaidi ya siku 15 uacheni, na mwaka uwe na miezi isiyopungua 11. Andikeni pia mgandamizo wa hewa: ukishuka hektopaskali 1, maji hupanda karibu sentimita 1.

Halafu subirini. Mzunguko wa njia ya mwezi angani, wa miaka 18.6, unaobadilisha nguvu ya kujaa na kupwa, peke yake unatosha kupotosha rekodi fupi, na hali ya Bahari ya Hindi nayo hubadilika miaka kwa miaka. Kipimo cha Bandari ya Zanzibar kina takwimu tangu miaka ya 1980, na miaka kama 20 ya mwanzo ilionesha maji yakishuka, wakati wastani wa dunia unapanda. Mwenye haraka angetangaza kwamba sisi tumesalimika. Kituo kimoja kinahitaji miaka 50 au zaidi.

Ubao ukivunjwa na chombo, msipigilie mpya kwa kukisia. Upimwe kutoka kwenye alama, na daftarini iandikwe tarehe, urefu wa zamani na urefu mpya.