Usivute kabla hujajua unachovuta

Mwaka juzi nilipoteza mbuzi aliyekuwa akizaa, pamoja na mwanawe, usiku mmoja kwa sababu ya haraka yangu. Niliona ukwato mmoja umechomoza, nikavuta. Mguu wa pili ulikuwa umekunjika ndani, na kwa kuvuta nikamchana mama kizazi. Jambo hilo halijanitoka moyoni. Naandika kwa mfugaji mwenzangu ambaye, kama sisi huku Mgeta, milimani Morogoro, masika yakikolea barabara inateleza na daktari wa mifugo hafiki usiku.

Mbuzi hubeba mimba siku 150 hivi, kwa hiyo andika tarehe aliyopandwa. Mimi naandika kwa mkaa ukutani mwa banda. Siku zikikaribia, weka tayari glavu, sabuni, maji ya moto, mafuta ya kula na iodini. Glavu si mapambo: ugonjwa wa kutupa mimba humwambukiza binadamu, na mama mjamzito asikaribie kabisa.

Akianza kusukuma kwa nguvu, tazama saa. Nusu saa ikipita bila kitu kutokeza, mpigie daktari, na kama yuko mbali, nawa mikono umsaidie mwenyewe.

Mwezi wa nne nilikuwa na mbuzi anayezaa kwa mara ya kwanza. Pua ilikuwa nje, ulimi umevimba na kuwa wa bluu, mguu mmoja tu unaonekana. Shemeji aliyenishikia tochi alipaza sauti, "Vuta, shemeji, atakufa!" Sikuvuta. Nilipaka mafuta mkono, nikangoja uchungu upoe, nikakisukuma kichwa ndani taratibu. Watu hulishangaa hili, lakini bila nafasi huwezi kurekebisha chochote. Nikafuata shingo hadi begani, kutoka begani hadi gotini, nikaufunika ukwato kwa kiganja ili usikwaruze kizazi, nikauleta mbele. Miguu miwili na pua juu yake: ndivyo anavyotakiwa kukaa. Uchungu uliporudi nikavuta pamoja nao, nikielekeza chini, kwenye visigino vya mama. Akateleza akatoka.

Ukipapasa mguu usiojua ni upi, kunja viungo viwili vya kwanza juu ya ukwato. Vikikunjika upande mmoja, ni mguu wa mbele. Vikipingana, ni wa nyuma. Na hakikisha miguu yote miwili ni ya mtoto mmoja, maana mapacha huchanganyana. Miguu yote ya nyuma ikitangulia anaweza kuzaliwa hivyo hivyo, ila nyonga zikishatoka usichelewe, kitovu kinabanwa na kichwa bado kiko ndani. Ukigusa mkia peke yake na huna uzoefu, usijaribu, tafuta msaada.

Yule wetu alitoka kimya. Nilimfuta ute puani, nikamchokonoa tundu la pua kwa unyasi, nikamsugua mbavu kwa kipande cha gunia mpaka akapiga chafya. Tukamchovya kitovu kwenye iodini, na kabla saa haijaisha alikuwa amenyonya dang'a, maziwa ya kwanza ya mama.

Kondo la nyuma lisivutwe hata likining'inia. Likikaa zaidi ya muda wa saa 12 bila kuanguka, mwite daktari. La huyu lilianguka alfajiri. Kulipokucha nikampigia daktari hata hivyo, kwa sababu mkono uliingia ndani, na mama alihitaji dawa ya kuzuia maambukizi.