Kuchemsha maji peke yake hakukutosha

Nilipoanza kazi ya boda boda hapa Arua, mji wa eneo la West Nile kaskazini-magharibi mwa Uganda, nilikuwa nakwepa maji makusudi ili nisihangaike kutafuta choo njiani. Kutwa nzima chai asubuhi na soda moja mchana, basi. Jua la West Nile kati ya Desemba na Machi ni kali, na ukiwa kwenye pikipiki upepo hukausha jasho hata usijue umepoteza maji. Jioni kichwa kiligonga, choo kikawa kigumu, mkojo mweusi kama chai ya rangi. Nilimeza dawa za maumivu mpaka dada yangu aliponiambia, "Mdogo wangu, huna ugonjwa, una kiu."

Nikaanza kubeba chupa, na baada ya siku chache kichwa kikatulia. Mimi sihesabu glasi, natazama mkojo: ukiwa wa manjano hafifu, nimekunywa vya kutosha. (Mwenye ugonjwa wa figo au moyo aulize daktari kwanza.)

Kosa langu likawa kujaza chupa popote. Kuna chemchemi bondeni, maji yake maangavu na baridi, nami niliyapenda. Sikutazama vyoo vya shimo vilivyo juu yake kwenye mteremko. Homa ya matumbo ilinilaza wiki mbili.

Tangu hapo nyumbani tukachemsha maji, yakitokota kwa nguvu dakika nzima. Hata hivyo mwanangu akaharisha! Tulimnywesha maji safi lita moja yaliyotiwa vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha, tukamkimbiza kituo cha afya. Mhudumu aliuliza swali moja tu: maji mnayachotaje? Mtungini, kwa kikombe, kila mtu na mkono wake. Vidole vyetu ndivyo vilivyorudisha uchafu tuliouchemsha.

Sasa maji yakipoa yanamiminwa kwenye jerikeni lenye koki, halichovywi kitu. Makaa yakikosekana, tunajaza maji yasiyo na tope kwenye chupa angavu za plastiki, tunazilaza juu ya bati kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri ili jua liue vijidudu. Kukiwa na mawingu mazito, tunaziacha siku mbili, na mwanangu ndiye anayezilinda zisibebwe na wenzake wa jirani.