Mbao Zimedumuje Miaka 1,900?

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Nimesoma kwamba katika ngome ya Kirumi ya Vindolanda, kaskazini mwa Uingereza, zimefukuliwa barua zilizoandikwa kwa wino juu ya vibao. Mbao huoza haraka. Hizo zimesalimikaje? Na kwa nini eneo lote lisichimbwe likaisha?

JIBU: Marahaba. Zimeokolewa na matope. Warumi walijenga ngome ya kwanza pale yapata mwaka 85 BK, kabla ukuta wa Hadrian, ule wa mpakani wa Warumi karibu na hapo, haujaanza kujengwa mwaka 122. Ilikuwa ya mbao. Kila ilipojengwa upya walibomoa ya zamani, wakafunika mabaki kwa udongo wa mfinyanzi na mabonge ya nyasi, kisha wakajenga juu yake. Chini ikabaki maji bila hewa, na vijidudu vingi vinavyoozesha mti na ngozi haviishi pasipo oksijeni. Ndiyo maana pametoka viatu zaidi ya 5,000, vikiwemo vya watoto wadogo.

Nilijitolea kuchimba pale kiangazi kimoja. Tabaka hilo unalijua kwa pua kabla ya macho. Majani yaliyotandikwa sakafuni hutoka na rangi yake, kisha yanageuka meusi ukiyatazama.

Vibao navyo ni vyembamba mno. Mwanaakiolojia Robin Birley alipovipata vya kwanza mwaka 1973, viwili vilikuwa vimegandana; vilipobanduliwa maandishi yakaonekana, halafu yakafifia. Yalisomeka tena kwa picha za infraredi, mwanga usioonekana kwa macho.

Ninachokipenda kuliko vyote ni mwaliko wa Claudia Severa, mke wa kamanda wa ngome nyingine, kwa Sulpicia Lepidina, mke wa kamanda wa Vindolanda, Flavius Cerialis, aje kwenye sikukuu yake ya kuzaliwa, Septemba 11. Karani ndiye aliyeandika mwaliko wenyewe. Mwishoni Severa akashika kalamu mwenyewe, kwa mwandiko usio na ufundi, akamwita mwenzake dada, akamwita roho yake. Ni miongoni mwa maandishi ya kale zaidi ya Kilatini tunayojua yametoka mkononi mwa mwanamke. Nikiyasoma hunijia majonzi kila mara.

Kuhusu kuchimba kote: tabaka likishachimbwa halirudi, na kila kibao kinachotoka kinahitaji kuhifadhiwa kwa miezi. Ila sikubali pia kwamba tusiguse kitu. Ardhi ikikauka, hewa inapenya, na barua ambazo hazijasomwa zinaoza humo humo. Mimi ningeanza na pale panapokauka, penye maji pasubiri.