Kaburi la Keats Roma: mifupa haikuhamishwa

Wapo wanaouliza kama mifupa ya Keats, mshairi Mwingereza aliyezikwa kwenye yale wanayoyaita "makaburi ya Waprotestanti" mjini Roma, ilihamishiwa kwenye ghala la mifupa. Hapana, hayumo humo. Yupo palepale alipozikwa mwaka 1821, upande wa zamani wa makaburi, karibu na piramidi ya Cestius, kaburi la Mroma wa kale. Nilipita pale mwenyewe, na ukitafuta jina lake kwenye jiwe utazunguka mpaka uchoke, maana halipo. Kimechongwa kinubi chenye nyuzi zilizokatika, na maneno kwamba hapa amelala mtu ambaye jina lake liliandikwa majini. Kinachokusaidia ni jiwe la jirani, la rafiki yake Severn, lenye jina la Keats wazi kabisa.

Ghala la mifupa ni kwa makaburi ya kulipia: muda ukiisha na ndugu wasionekane, mabaki huhamishiwa humo ili nafasi ipate mwingine. Makaburi ya kihistoria kama la Keats hayaguswi.

Na hilo jina la "makaburi ya Waprotestanti" ni la mazoea tu. Kiitaliano yanaitwa ya wasio Wakatoliki, na wamo Waothodoksi, Waislamu, hata Gramsci, mkomunisti wa Italia, ambaye ni majivu yake tu yaliyozikwa pale. Shelley, mshairi mwingine Mwingereza, vilevile ni majivu, kwa sababu mwili wake ulichomwa ufukweni karibu na mji wa Viareggio, Italia, mwaka 1822.

Ukienda, usiwaogope paka wa kwenye piramidi. Wenyeji ni wao.