Je, tuirahisishe lugha ya Juliasi Kaizari?

SWALI: Shikamoo mama. Kikundi chetu kiko Tabora mjini, waigizaji 14. Mwezi wa kumi tunataka kupandisha jukwaani Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare iliyotafsiriwa na Mwalimu Nyerere, kwenye ukumbi wa watu kama 300. Mtaalamu mmoja anatushauri tubadilishe lugha iwe ya mtaani, tufupishe mchezo uwe wa saa moja, na sauti zirekodiwe studio ili waigizaji wafuatishe kwa midomo, maana vipaza sauti hatuna. Anasema tusipofanya hivyo watu watatoka. Halafu wahusika ni wengi mno, watu tutawapata wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hilo la watu ndilo jepesi, kwa hiyo nalimaliza kwanza. Mnatosha. Tarehe 21 Septemba 1599 msafiri kutoka Uswisi, Thomas Platter, alivuka Mto Thames, London, baada ya chakula cha mchana akautazama mchezo wa Kaizari, na akaandika kwamba wachezaji walikuwa kama 15. Shakespeare aliandika akijua ana watu wangapi. Casca, Decius, Trebonius na Metellus hawaonekani tena baada ya kumuua Kaizari tendo la tatu, kisha tendo la nne na la tano wanajitokeza askari wapya: Lucilius, Titinius, Messala, Strato. Hao ni haohao, wamebadili nguo tu. Ila Portia, mke wa Brutus, na Calpurnia, mke wa Kaizari, msimpe dada mmoja. Yule anatoka, muda si mrefu huyu anaingia, na nafasi ya kubadili ni ndogo. Wakimaliza zamu zao waingie kwenye umati.

Sasa hili la lugha. Barua za namna hii hunifikia kila msimu, iwe ni Kaizari, iwe ni Kinjeketile au Mashetani vya Ebrahim Hussein: "watazamaji hawataelewa." Watu hawahawa husikiliza hotuba, mahubiri na mashairi yenye maneno wasiyoyatumia nyumbani, na hawainuki vitini. Kinachowatoa ukumbini ni mwigizaji asiyejua anachokisema. Amekariri, basi. Mistari inamtoka kama salamu ya darasa zima mwalimu anapoingia, na ukimpa lugha ya mtaani ataikariri vivyo hivyo.

Chukueni hotuba mbili za mazishi ya Kaizari, tendo la tatu, onyesho la pili. Shakespeare amempa Brutus, mmoja wa wauaji, lugha ya nathari, hoja kavu zilizopangwa, na umati unamkubali. Antony, rafiki wa marehemu, anafuata kwa ushairi, anasimama, analia, anamsifu Brutus kuwa mtu mwenye heshima, anarudia tena na tena, mpaka sifa ile inageuka kisu. Mkiwapa wote wawili maneno ya kijiweni, watazungumza sawasawa, na hakuna atakayejua kwa nini umati umegeuka. Mchezo mzima umening'inia hapo.

Fanyeni hivi kwenye mazoezi. Waketisheni wenzake Antony kwenye benchi, wampe mgongo. Kila mmoja ageuke pale tu sentensi inapomgusa, na akipoa ageuke tena ampe mgongo. Asipogeuka mtu, Antony arudie sentensi ileile, bila kupandisha sauti. Mwanzoni atapiga kelele, kisha ataanza kumtafuta mtu mmoja mmoja: huyu anaogopa, huyu alimpenda Kaizari, huyu anataka kujua kilichomo kwenye wosia. Siku hiyo ndiyo ataacha kuimba mistari. Kazi hii inataka wiki kadhaa, na ndiyo maana wauzaji wa warsha za siku mbili hawaigusi.

Kuhusu kufupisha, punguzeni mapigano ya tendo la tano na kurushiana maneno kwa majemadari kabla ya vita. Ugomvi wa Brutus na Cassius, mwenzake katika njama, hemani usiguswe. Na Cinna mshairi, ambaye wakataji humtupa wa kwanza kwa kuwa "hana kazi", abaki. Umati umetoka kumsikia Antony, unakutana na mtu mwenye jina sawa na mmoja wa wauaji. Anajitetea kwamba yeye ni mshairi tu, si yule. Wanaamua afe kwa mashairi yake mabaya. Ni onyesho la dakika chache, na mtu yeyote aliyewahi kuona kelele za "mwizi!" zinavyomwangukia asiye na hatia hahitaji kufafanuliwa. Mkipunguza kwa akili mtabaki na saa mbili.

Pleibeki, yaani kufuatisha sauti iliyorekodiwa, hapana, hapana kabisa. Sauti ya studio haimsubiri mtazamaji acheke, na umeme ukikatika Kaizari anabaki ameachama. Ukumbi wa watu 300 unataka pumzi na konsonanti zinazosikika, si spika. Zimeni feni, fungueni madirisha, anzeni saa tisa alasiri. Wale wa 1599 nao walicheza mchana, kwa mwanga wa jua. Msisogee hadi mwezi wa kumi na moja, maana mvua ikipiga bati hakuna koo litakaloishinda.

Hawa wataalamu wa njia ya mkato wanazunguka mikoani. Kabla ya mitihani ya kidato cha nne huwauzia wanafunzi tamthilia "zilizorahisishwa", na mtoto anaingia kwenye mtihani akieleza tukio ambalo kwenye kitabu halimo. Jihadharini nao pia kwa sababu ya kisheria. Shakespeare ni wa wote, lakini tafsiri hii si ya wote. Mwalimu Nyerere alifariki mwaka 1999, na Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania hulinda kazi kwa miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi. Kuicheza kunahitaji ruhusa, na kuibadilisha lugha kunahitaji ruhusa pia. Anzeni na mchapishaji, Oxford University Press, na COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, wawaelekeze. Huyo bwana akirudi na mswada wake wa mtaani, mwulizeni kwanza kibali cha maandishi kiko wapi.