Jikoni na Shangazi: uyoga unaoteleza, mwani wa mkwe na mtoto anayechomoa karoti

Barua za mwezi huu zimenichekesha afu moja ikanitia aibu, hiyo ya aibu nimeiweka mwisho kabisa nikidhani mtachoka kabla hamjafika. Wengi mmeuliza jambo lile lile kwa njia tofauti, kwamba nimeleta kitu kipya nyumbani na watu wamekikataa, nifanyeje. Haya twende.

Shikamoo Shangazi. Mi nina watoto wawili, niko Tabata. Juzi nimekutana na mdada anauza uyoga ule mweupe wa kwenye pakti nikasema leo na sisi tubadilishe, maana kwangu ni maharage na dagaa mpaka watoto wanajua kesho ni nini bila kuuliza. Nikauchemsha vizuri nusu saa na chumvi, nikaunga na nyanya. Ukawa unateleza kama mlenda, maji kibao, baba watoto kaonja kijiko kimoja akauliza hii ni nini halafu akaomba akaangiwe yai. Watoto kuona vile na wao wakasusa. Nimekosea wapi, au ndo ulivyo? (Mama Wawili, Tabata)

Marahaba mwanangu. Nusu saa! Huo uyoga umeupikia kama makongoro. Uyoga wenyewe umejaa maji ndani, sasa ukiutia maji mengine juu yake unakuwa unauzamisha tu, lazima uteleze.

Siku nyingine usiuloweke, upitishe kwenye maji chapchap ukamue au ufute tu na kitambaa kibichi. Uchane kwa mkono kufuata nyuzi zake, vipande vya upana wa kidole. Bandika kikaango kikavu kwenye moto mkali, hakuna mafuta hakuna chumvi, mwaga uyoga humo na usifunike. Utausikia unalia chwiii na maji yanajaa kikaangoni mpaka utadhani umeharibu, subiri tu, yatakauka yenyewe na ule mlio utabadilika uwe wa kupasukapasuka, na pembeni utaanza kuwa wa kahawia. Hapo ndo unatia mafuta, kitunguu, kitunguu saumu, nyanya moja sio tatu, chumvi mwisho kwa sababu chumvi inavuta maji. Ukipenda malizia na tui zito au karanga za kusaga. Pakti la robo kilo litanywea libaki kama ngumi moja hivi, usimtukane yule mdada, hajakuibia.

Kosa lingine halikuwa kwenye sufuria. Ulimtoa mzee kwenye maharage ukampeleka kwenye uyoga mtupu siku moja, mezani hakuna hata kitu kimoja anachokifahamu zaidi ya ugali. Mi uyoga niliuingiza kwangu ukiwa umechanganyika na njegere na nyama kidogo, wakaula wiki mbili wakidhani ni vipande vya kuku, walipokuja kujua tayari walikuwa wanaongeza. Na kamuulize mzee kwao ni wapi, maana ukikuta ni mtu wa Iringa au Njombe huko msimu wa mvua uyoga unapangwa barabarani na ndoo, itakuwa hajakataa uyoga, kakataa mapishi yako.

Ila wewe ishia kwenye huo huo wa pakti. Ule unaojiotea nyuma ya nyumba mvua ikinyesha uache kabisa, usisikie mtu anakwambia ukichemsha na kitunguu kisibadilike rangi basi ni salama, hayo maneno yameshaua watu. Wa porini wanaufahamu waliozaliwa nao, tena wa pori lao.

Habari Shangazi, mi ni baba wa mtoto wa miaka minne, Dodoma. Mama yake yuko masomoni Morogoro kwa hiyo jikoni ni mimi. Kijana anakula wali, chapati na chipsi. Nikiweka karoti kwenye pilau anazichomoa moja moja anazipanga ukingoni mwa sahani kama askari wa gwaride, hata kale kadogo ambako mimi sikioni yeye anakiona. Nimejaribu kumwahidi soda, nimejaribu fimbo ya kutishia, wapi. (Baba Anayepika)

Nzuri mwanangu, na hongera, barua za akina baba hapa nazihesabu kwa vidole.

Fimbo weka chini na soda rudisha dukani, hasa soda, kwa sababu ukimwambia kula karoti nikupe soda umeshamfundisha kwamba karoti ni adhabu na soda ndo malipo. Mtoto wa umri huo kukataa kitu asichokijua ni kawaida, wataalamu wa lishe ya watoto wanasema anaweza kuhitaji kukionja mara kumi au hata kumi na tano kabla hajakizoea, na sisi tunakata tamaa mara ya tatu tunatangaza mtaa mzima kwamba huyu hali mboga, naye anasikia anashikilia hapo hapo. Weka karoti mbili tu pembeni ya sahani, usiseme kitu, wewe kula za kwako. Akiacha, zitoe bila hotuba. Keshokutwa tena.

Mjukuu wangu alikuwa hataki njegere kuziona. Siku moja nimekaa kibarazani namenya, nikampa bakuli lake nikamwambia nisaidie kuzifungua. Ganda la kwanza likamshinda, la pili akalibonyeza kwenye mshono likafunguka paa, njegere sita zimejipanga humo ndani, akaniangalia kama mimi ndo nimezipanga. Akala mbichi tatu. Jioni kwenye wali akawa anatafuta zile "zangu". Kwa hiyo huyo askari wako mpe kazi jikoni, aoshe, achague yeye nyanya sokoni, akatakate majani kwa mkono.

Na kwa vile chapati anakula, kuna viazi lishe, vile vitamu vya rangi ya chungwa kwa ndani, Dodoma sokoni ukiulizia utavipata. Hiyo rangi ndo mwili unaitengenezea vitamini A, na inafyonzwa vizuri ikikutana na mafuta, chapati nayo bila mafuta sio chapati. Chukua viwili vya saizi ya ngumi, chemsha na maganda yake ili visinywe maji, menya, ponda vikiwa vya moto mpaka visiwe na bonge, changanya na unga nusu kilo, chumvi, mafuta vijiko viwili. Maji ya vuguvugu yaje mwisho kabisa na kidogo kidogo, maana kiazi kina maji yake, wengi wanaharibu hapo, wanatia maji ya kawaida yao wanaishia na uji. Sukuma, kunja, pumzisha, choma moto wa wastani sababu zinaungua haraka kwa ule utamu. Zinatoka za njano hivi, laini mpaka kesho yake. Mwambie tu ni viazi, usimfiche, siku akigundua umemdanganya hata wali ataukagua.

Mambo Shangazi, gheto tuko wanne, dagaa wetu wanakuwa wachungu kila siku, tatizo nini? (Wana wa Ubungo)

Poa, na siku nyingine mnisalimie vizuri, mi sio mwenzenu. Uchungu ni vichwa na matumbo, na nyie mnamimina pakti zima kwenye sufuria. Kaeni wanne mchambue, dakika kumi mmemaliza, osheni na maji ya vuguvugu mara mbili mchanga utoke, wakaangeni wakauke kwanza ndo muweke kitunguu na nyanya. Limao mwishoni. Na pilipili hoho moja haitawafilisi.

Shikamoo Shangazi, nakuandikia toka Minnesota, Marekani. Nimemiss kisamvu sana. Huku napika spinachi na tui la kopo, haifanani hata kidogo, inasinyaa inakuwa kama kamba. Watoto wangu wamezaliwa huku, kitu chochote cha kijani wanaita nyasi. Natamani wale chakula cha kwetu ila sijui nianzie wapi. (Mama Nasra)

Marahaba mama. Kisamvu kipo hapo hapo ulipo, unapita pembeni yake. Minnesota kuna Waliberia wengi sana, hasa upande wa Brooklyn Park, na wao bila majani ya mihogo hawalali. Nenda kwenye maduka yao ya vyakula ulizia kwenye friza, kinauzwa kimeshatwangwa kimegandishwa. Ukikutana na Mkongo mwambie unatafuta sombe, ndo hicho hicho. Ila kuandikwa kimetwangwa sio kwamba kimeiva, majani ya muhogo yana sumu yake inayotoka kwa kutwangwa na kuchemshwa, kwa hiyo chemsha haswa, sufuria wazi, angalau nusu saa, mi napitiliza saa zima ndo natia tui na karanga. Waliberia wanatia mawese, kama ndugu zetu wa Kigoma vile, jaribu siku moja hutajuta.

Hiyo spinachi yako achana nayo kwenye tui, tumia keli, ile ni ndugu yake sukuma wiki, inavumilia moto. Na karanga za kwenye chupa za huko soma nyuma, nyingi zina sukari, utakuja kulaumu mapishi bure.

Watoto waanzie na karanga sio na majani. Pika wali wa nazi, kisamvu weka kidogo juu kama mchuzi, kizito cha karanga, kijani kisionekane sana. Halafu simulia. Waambie bibi yenu alikuwa anatwanga hiki kwenye kinu na mimi nikiwa kama nyie natumwa kuchuma majani machanga, na nikichuma yaliyokomaa nachapwa. Watoto wanapenda kusikia mama yao alichapwa. Ila usiwafungashie cha karanga kwenda nacho shule, huko shule nyingi hazitaki karanga kabisa kwa ajili ya watoto wanaodhurika nazo.

Assalaam aleikum Shangazi. Niko Mombasa. Mkwe wangu katoka Unguja kaniletea mfuko mzima wa mwani mkavu, ati ni mzuri kwa afya. Waniangalia nami nauangalia. Wanuka bahari. Nikiutupa ni aibu, na kila akipiga simu auliza "mwani mwaula?" (Mkaza Mwana, Mombasa)

Waaleikum salaam mwanangu, nimecheka peke yangu mpaka paka kakimbia.

Huo mwani akina mama wa Paje na Jambiani wanaulima toka 1989, wanaufunga kwenye kamba baharini maji yakitoka, na miaka yote hiyo karibu wote unasafirishwa nje, unatolewa kitu cha kugandisha kinachotiwa kwenye aiskrimu na dawa za meno, sisi tunaubeba tu. Kula wenyewe ndo tumeanza juzi juzi. Kwa hiyo usione haya kutoujua.

Osha maji matatu au manne, una chumvi na mchanga. Loweka usiku kucha, asubuhi utakuta umevimba umekuwa laini na ile harufu imepungua sana, mwaga hayo maji, osha tena. Chemsha kwa maji mapya kiasi cha kufunika, moto mdogo, koroga mpaka uyeyuke, saga kwenye blenda, mimina kwenye bakuli uache upoe. Utaganda kama jeli na hauna ladha ya maana, na hiyo ndo raha yake. Vijiko viwili kwenye juisi ya embe au ukwaju inakuwa nzito bila maziwa, kwenye uji hivyo hivyo, na mchuzi uliokuwa mwepesi unasimama. Kwenye friji unakaa siku tano sita. Usizidishe tu, mwani una madini joto, kwa hiyo vijiko hivyo viwili vinatosha, na kama nyumbani kuna mwenye goita au tatizo lolote la tezi ya shingo aulize daktari wake kwanza.

Mkwe akija mpe juisi ya ukwaju yenye huo mwani, akishaimaliza bila kujua ndo umwambie.

Shangazi, mimi sio wa kulalamika ila toleo lililopita ulisema mtu asiye na mkaa mwingi aweke maharage kwenye chupa ya chai na maji ya moto alale nayo, asubuhi yameiva. Nimefanya hivyo na maharage mekundu, asubuhi yakawa yamevimba tu hayajaiva vizuri, tukala kwa sababu ya njaa na mdogo wangu, tukatapika wote wawili. Tafadhali. (Msomaji wako, Moshi)

Pole sana mwanangu, pole na mdogo wako, na mnisamehe. Nilieleza nusu. Maharage, haswa mekundu, yakiwa mabichi yana kitu kinaitwa lektini ambacho kinavuruga tumbo, na kinakufa kwa kutokota, sio kwa kupashwa moto. Joto la kati, kama la ndani ya chupa, linaweza hata kuyafanya yawe mabaya kuliko mabichi. Kwa hiyo chupa au hotipoti inaruhusiwa, lakini baada ya hivi: loweka masaa manane au zaidi, mwaga maji ya kulowekea, tia mapya, chemsha moto mkali yatokote kabisa yanarukaruka dakika kumi zilizotimia, mi nasema kumi na tano. Hapo ndo uyahamishie kwenye hotipoti yakiwa yanachemka uyafunike na blanketi, na asubuhi yabandike tena mpaka yabonyeke kwa vidole viwili bila kubishana. Mwenye jiko la presha hana haja ya haya yote, mle joto linapita la maji yanayochemka. Choroko na kunde hazina shida hii sana.

Mimi mwenyewe niliyajaribu ya chupa kabla sijawaandikia. Yalinikimbiza chooni usiku mzima, na nikasingizia maziwa.